Mutu wa Ndevu Upande Moja

Usiniambie eti nilikuwa nalota. Ilikuwa saa nane ya muchana, mvua inanyesha, na nilikuwa nimekula bugali nikashiba. Hii jambo niliiona na macho yangu mawili, na papa yangu iko na alama yake mpaka leo. Sikiliza kwanza, halafu utasema yako.

Papa ni kinyozi hapa Kadutu, mu Bukavu, tangu sijazaliwa. Maman alishakufa, tumebaki siye wawili. Kichwa anakinyoa na mashine, lakini ndevu, hapana! Ndevu ni wembe wa kukunja, ule unaonolewa kwenye mukaba wa ngozi. Mwaka jana mukono wake ulianza kutetemeka, nikamwambia, "Papa, unifundishe." Alicheka mpaka akakohoa. "Binti na wembe? Haya, tutaona." Wiki tatu nilinyoa baluni iliyopakwa povu, na kila ilipopasuka alisema, "Umeua mwingine." Vuta ngozi na mukono wa kushoto, laza wembe, usikandamize. Niamini, nilikuwa nanyoa hata mu usingizi.

Siku hiyo papa alikuwa amelala kwenye kitanda nyuma ya pazia la chumba cha kunyolea, kifua kinamusumbua. Courant ya umeme ilikuwa imekatika. Akaingia muzee mumoja wa koti nyeusi, ndevu nyingi. Mvua ya Bukavu unaijua, inakulowesha mpaka kwenye mifupa. Yeye alikuwa mukavu. Je, nilishituka? Wapi! Nilifurahi kama mujinga. Muteja wangu wa kwanza mwenye ngozi, siyo baluni!

"Asinge, maman," akanisalimia. "Ndevu tu. Zote."

"Karibu, muzee. Ukae."

Nilimupaka povu. Ngozi yake ilikuwa baridi kama jiwe la mutoni. Nikaanza upande wa kuume, pole pole, pumzi nimeibana. Ndevu zilishuka vizuri mpaka kwenye taya, hapo mukono ukateleza. Nikamukata. Ee Mungu wangu! Nikashika kitambaa, nikangoja damu. Damu haikutoka.

Nyuma ya pazia papa akalia, "Aïe! Nani ananikata?"

Nilifikiri analota. Nikaendelea, jasho linanitoka, na karibu na sikio nikamukata tena. Hakuna damu. Na papa tena, "Aïe!" Nikasimamisha wembe.

Sasa nikueleze kosa langu. Kwetu, mutu akifiwa anaacha nywele na ndevu, anakuja kuzinyoa siku ya kumaliza matanga. Ukishanyoa, imekwisha: marehemu amesindikizwa, harudi tena. Njo maana papa yangu hagusi ndevu za mutu bila kuuliza kwanza: ni ya furaha ao ya kilio? Ni kitu cha kwanza alinifundisha, mbele hata ya baluni. Na mimi, juu ya ile furaha na woga, nilikuwa nimesahau.

"Muzee, unisamehe," nikasema. "Unanyoa ya furaha ao ya kilio?"

"Ya kilio, mutoto wangu. Leo tunamaliza matanga."

"Matanga ya nani?"

Akanitazama mu kioo, bila haraka. Akataja jina la papa yangu, lote, hata lile la ubatizo ambalo wateja hawalijui.

"Papa yangu hajakufa!"

"Wewe maliza tu. Imebaki upande wa kushoto na koo."

Woga niliousikia hapo, sitaki hata adui yangu ausikie. Kinyozi hamuachi mutu nusu, ni haya kubwa, watu watakucheka mpaka mu mutaa wa Nyawera. Lakini niliukunja ule wembe na kuufunga mu ngumi yangu.

"Simalizi."

"Utaniacha nipite njiani hivi?"

"Upite hivyo hivyo!" Nilikuwa nalia.

Hakukasirika, na hiyo njo inanitisha zaidi. Alipangusa povu na kiganja, akasimama. "Haina neno," akasema. "Wanaojifunza wembe ni wengi." Akatoka mu mvua.

Nikafungua pazia. Papa alikuwa ameketi, shati iko na damu. Alikuwa amekatwa pahali pawili, kwenye taya na karibu na sikio. Na shavu lake la kuume lilikuwa limenyolewa safi kabisa, wakati la kushoto lilikuwa na ndevu za siku tatu. Mimi sikumugusa, naapa.

Upande ule haujaota hata unywele moja tena. Papa anacheka, anasema sasa sabuni inadumu, ananyoa nusu tu. Mimi sicheki. Kila asubuhi, mbele ya kumusalimia, naangalia kwanza shavu lake la kushoto, kama ndevu zinaota bado. Mwezi uliopita binamu yangu alirudi kutoka Kamanyola, akasema ameona huko muzee wa koti nyeusi, ndevu upande moja, anauliza pahali pa kinyozi. Sikulala siku mbili.

Kwa hiyo wewe unayejifunza wembe, uko Bukavu ao fasi yoyote, nakuomba na magoti chini. Mutu huyo akikaa kwenye kiti chako, akikuambia ni kazi kidogo tu, ni upande moja tu, umukatalie. Hata akikubembeleza, hata watu wakikucheka. Ule upande haiko wake. Ni wa papa yangu, na mimi niko na yeye tu.