Msemaji wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno machache, na wateja walimpenda kwa hilo. Wengine walikwenda kwake ili kupumzisha masikio. Ukikaa kwenye kiti chake ulisikia mkasi, ulisikia mashine ikinguruma kisogoni, basi. Akimaliza alikushikia kioo nyuma, wewe ukaitikia kwa kichwa, naye akakung'uta kitambaa mlangoni. Habari za mtaa kwake ziliingia tu, hazikutoka.

Maneno ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Mtaa mzima ulimwita Redio, na mwenyewe hakukasirika. Alisema bora kuwa redio kuliko kuwa kabati, huku akimtazama mumewe. Redio ndiye aliyemsemea mume kila mahali: kwa mwenye nyumba, kwa walimu wa binti yao, na hospitali ndiyo usiseme. Kinyozi akiumwa jino, ni Redio aliyemweleza daktari lilivyoanza na linavyopwita, na mwenye jino amekaa pembeni kashika shavu.

"Na mzee mwenyewe anasemaje?" daktari mmoja aliwahi kuuliza.

"Anasema hivyo hivyo," Redio akajibu. Na kweli, Kinyozi hakuwa na la kuongeza.

Kisha Redio akafariki. Alikuwa anaanika nguo, mchana mweupe, moyo ukasimama. Watu walikuja, walilia, waliondoka, na nyumba ikabaki na mtu mmoja asiyejua kuanzisha mazungumzo. Kinyozi aliendelea kulala upande wake wa kitanda. Upande wa pili aliutandika kila asubuhi, ingawa haukuwa umevurugika.

Ngiri ilimwanza muda si mrefu baadaye. Hakumwambia mtu, mtu gani? Alijikaza kisabuni, akanyoa watu kwa kuegemea kiti, hadi binti yake alipokuja kumtembelea akamwona akiinuka huku amejishika kinena. Binti hakumung'unya maneno. Katika hilo alikuwa wa mama yake mtupu. Kinyozi akajikuta hospitali amevaa gauni lililofungwa kamba mgongoni.

Operesheni ilifanywa asubuhi. Walimchoma sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, na alipokuja kujitambua vizuri alikuwa wodini, kitanda cha karibu na dirisha. Upande wa pili alilala dereva wa lori mwenye mguu kwenye plasta, anayeongea na kila apitaye. Binti alikaa mpaka saa ya kurudi kazini ilipomfukuza. Kabla ya kuondoka alimshika nesi mkono.

"Dada, baba yangu si msemaji. Naomba mumwangalie."

"Usijali," nesi akasema, na hakuwa mwongo, lakini hapo hapo mgonjwa wa mwisho wa chumba alikuwa anatapika, na neno la binti likaingia sikio hili likatokea lile.

Nesi alikuwa msichana mdogo, mwembamba, mwenye barakoa usoni na mwendo wa mtu anayekimbilia gari. Wodi ndefu nzima ilikuwa yake peke yake. Alifika kwa Kinyozi na sinia la dawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, namshukuru Mungu."

Angejibu nini kingine? Maisha yake yote, mtu akimuuliza hali, jibu la kwanza lilikuwa njema. Shida ilikuja baadaye, taratibu, salamu zikishakwisha na watu wameshakaa. Kwake yeye lile lilikuwa ni kufungua mlango tu. Kwa nesi lilikuwa ndilo jibu lenyewe. Akaandika, akasogea kitanda cha pili. Kinyozi alipomaliza kulikusanya jibu la kweli mdomoni, nesi alikuwa mbali, anapima homa ya mtu mwingine.

Na jibu la kweli lilikuwa hili: mkojo ulikuwa hautoki. Alijaribu ndani ya chupa waliyomwekea chini ya shuka, akajaribu tena, wapi. Tumbo la chini likaanza kukaza.

Saa ya kutazama wagonjwa ikafika. Dereva alijaliwa ndugu. Shangazi, wake wa kaka zake, mabinti wa shule, wote wamezunguka kitanda na mifuko. Katikati ya hao, kutoka kule mlangoni, nesi akapaza sauti:

"Baba wa dirishani! Umeshakojoa?"

Shangazi akageuka. Mabinti wa shule wakatazama sakafu kwa adabu, na adabu hiyo ikamchoma Kinyozi kuliko kama wangecheka.

"Nimekojoa," akasema.

"Haya, safi. Kunywa maji mengi!"

Akanywa. Alipewa chupa ya maji akainywa yote, kwa heshima ya aliyeagiza. Baadaye nesi alimkuta anatoka jasho, akadhani ni kidonda, akampa vidonge vya maumivu na maji mengine. Akayanywa na hayo.

"Mzee huyu hana neno," dereva alimsifia. "Mimi hapa napiga kelele mchana kutwa, yeye kimya. Mwanamume."

Mwanamume alikuwa ameuma meno na anatazama kiti cha plastiki kilichokuwa wazi kando ya kitanda chake. Miaka yote ile hakuwahi kukiona kiti cha namna hiyo kikiwa wazi.

Jioni, kabla ya kubadilishana zamu, nesi alikuja kutengeneza shuka. Alipoinua mto akakuta kitenge kilichokunjwa, kimefifia rangi kwa kufuliwa.

"Hiki cha nani, baba? Nikiweke pazuri kisichafuke."

"Cha mke wangu."

"Kesho atakuja?"

"Hawezi. Hayupo tena."

Mikono ya nesi ikasimama. Alikirudisha kitenge chini ya mto kwa uangalifu, akavuta kile kiti, akakaa. Labda ni uchovu tu uliomkalisha, labda si uchovu. Akiwa amekaa, macho yake yalikuwa sawa na macho ya Kinyozi, na sauti yake ilikuwa ndogo, nzuri.

"Pole sana, baba."

"Angekuwepo, angekaa hapo hapo ulipokaa."

"Tungepiga soga."

"Wewe usingepata nafasi."

Nesi akacheka ndani ya barakoa. Kisha akamtazama lile jasho, akamtazama vidole vilivyokamata ukingo wa kitanda.

"Baba, hebu niambie. Mama angekuwa hapa, nikamuuliza mzee wake anaendeleaje, angenijibu nini?"

Kinyozi hakuhitaji kufikiri, sauti ya Redio aliijua kuliko yake. Ila kuitoa kinywani mwake mwenyewe kulimwogopesha, kama kuvaa nguo za marehemu.

"Angesema..." Akakigusa kitenge chini ya mto. "Angesema, 'Mwanangu, usimsikilize huyu, mwongo! Hajakojoa tangu alfajiri. Anaona haya, wewe ni rika la wajukuu. Na hayo maji mnayomnywesha ndiyo yanamuua!'"

Alilimaliza kwa sauti ya juu, kama Redio alivyozoea kumaliza.

"Ewaa!" dereva akapiga kelele. "Kumbe anajua kusema!"

Nesi alikuwa ameshainuka, kiganja chake kiko juu ya tumbo, tumbo gumu kama mpira wa miguu. Akavuta pazia.

"Nakuitia kaka nesi wa wodi ya pili, akuwekee mpira wa kutoa mkojo. Mimi nitakuwa hapa nje. Sawa?"

"Sawa."

Kaka nesi alikuja, mkono wake mwepesi. Na kutoka nyuma ya pazia, polepole, nesi akauliza, "Mama alikuwa anafanya kazi gani?"

"Aliuza vitambaa sokoni," Kinyozi akasema, macho darini. "Aligombana na wateja. Wakija kuondoka wameshakuwa marafiki zake." Mkojo ukaanza kutoka, nafuu ikapanda mwilini hadi kwenye kope. "Aliimba vibaya. Alikuwa anachoma chakula kwa sababu ya kuongea. Nilikuwa nakila."

Aliendelea. Kaka nesi alimaliza, akaosha mikono, akaondoka, na Kinyozi bado anasema, machozi yanamwingia masikioni. Nesi alipofungua pazia aliona akashtuka.

"Bado panauma?"

"Hapaumi. Nina hamu naye tu."

Nesi hakuwa na dawa ya hilo, naye hakujifanya anayo. Alisimama kidogo zaidi ya ilivyompasa, akiwa ameshika chuma cha kitanda, huku upande wa pili kengele ya mgonjwa inamwita.

Siku zilizobaki alianza na swali jingine. "Mama anasemaje leo?" Kinyozi alimjibu yote, hata kwamba uji una chumvi nyingi. Dereva naye alitaka kuulizwa mkewe angesemaje. Akaambiwa yeye mwenyewe ameshasema ya kutosha.

Binti alikuja kumchukua, akamwomba wakaishi wote kwake. Kinyozi alikataa. Kule kwa binti hakukuwa na ukuta hata mmoja uliowahi kumsikia Redio.

Aliporudi kutolewa nyuzi, yule nesi hakuwepo. Amehamishiwa wodi ya wazazi, wakamwambia. Wodi ya wazazi si pa kuingia mzee wa ngiri. Akakaa kwenye benchi ya korido mpaka watu wakapungua, kisha akajikokota kwenda nyumbani.

Yuko kazini sasa. Wateja wanasema bado anaongea kidogo kuliko watu wengine, lakini mara mbili ya alivyoongea zamani. Karibu yote ni ya mkewe. Kuna wakati wa mchana, wanawake wakipita nje kutoka sokoni, mmoja wao akaangua kicheko cha kifuani kama cha Redio, mashine husimama mkononi mwa Kinyozi. Mteja amekaa, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, anangoja. Kicheko kinavuka kona, kinafifia, kinakwisha. Kinyozi anaendelea kusikiliza kidogo, ndipo anawasha mashine.