Koo la Kahindo

Funda moja la soda lilikula miezi kumi na minne, bujie sitini na mbili, na mbuzi mumoja. Nimehesabu mara mbili.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku yangu ya kwanza ya kazi katika dispanseri moja ya Goma. Kaptula yangu nyeupe ilikuwa ingali na mikunjo ya duka. Mama mumoja mupika sabuni akaingia mbio na binti yake Kahindo, wa miaka minne. Mutoto alikuwa amekunywa maji ya soda, ile inayogeuza mawese kuwa sabuni. Mama aliiweka ndani ya chupa ya limonade. Midomo imekuwa myeupe, mate yanatiririka.

Kwetu, mutu akinywa sumu anapewa mawese, kisha unyoya wa kuku kooni, atapike. Nikakimbia nyuma ya jikoni, nikarudi na unyoya. Muzuri kabisa, wa jogoo.

Enfirmie mukubwa, muuguzi mukuu wetu, muzee asiyepandisha sauti, akanishika mukono.

"Kijana, soda imemuunguza ikishuka. Unataka imuunguze tena ikipanda?"

"Hapana, shefu."

"Basi huo unyoya, andikia barua."

Akamusukutua kinywa, akamupa maji kidogo kidogo, akamupeleka kwa munganga wa Leta, yaani wa serikali.

Kidonda kilipona, lakini kovu likaanza kufunga umio, ile njia ya chakula. Likifunga kabisa, mutoto anakufa njaa mbele ya sahani. Baba yake aliuza mbuzi apate maziwa, maana ni maziwa tu yaliyopita. Kila lundi, siku ya Jumatatu, tulimupitishia kooni bujie, kifimbo laini cha mupira chenye namba. Namba ikipanda, kinanenepa. Katika kubishana bei, Kahindo alinishinda.

"Leo namba kumi na mbili."

"Kumi."

"Kumi na moja, na nitakuimbia."

"Kumi na moja, na usiimbe, papa."

Lundi ya mwisho akameza tonge la bugali na sombe, majani ya muhogo, akafungua kinywa nihakikishe. Nikachungulia mara mbili. Mama yake akakaa chini palepale, akalia.

Nilistaafu mimi mwenyewe nikiwa enfirmie mukubwa, na mikono mingi iliyoshika manyoya ya kuku niliikamata. Chupa za limonade kutiwa soda, hilo sikuliweza. Huko Majengo, mutaa wa wapika sabuni, nimesema, nimegombana, nimenunua zingine nikazivunja. Wauzaji wa chupa wakanishukuru kwa biashara. Nyinyi munaofanya kazi hii leo, munipe shauri: mama asiye na chombo kingine, nimwambie aiweke soda ndani ya nini?