Sinema Katika Banda la Pareto

Harufu ya maua ya pareto yaliyokauka, yale ya dawa ya wadudu, hunipandisha hasira hadi leo. Wenzangu wakiinusa hukumbuka mshahara wa wazazi wao. Mimi hukumbuka sinema.

Nilikuwa na miaka minane, tukiishi kwenye shamba la mzungu karibu na Molo, wakati wa Hali ya Hatari. Baba alikuwa amepakiwa kwenye lori akapelekwa kizuizini, na mwaka mzima hatukupata habari yake. Nyapara wa shamba alimwambia mama waziwazi kwamba nyumba za wafanyakazi ni za wenye waume: akubali kuwa mke wake wa pili, la sivyo afungashe. Mama akaomba muda wa kufikiri.

Jumamosi moja alasiri likaja gari la sinema. Madirisha ya banda la kukaushia pareto yakazibwa kwa magunia, shuka nyeupe ikatundikwa. Filamu ilikuwa ya Kizungu, kwa hiyo karani Elija, aliyekuwa akitusomea barua zote pale shambani, alisimama kando na kipaza sauti atutafsirie.

Alianza vizuri, kwa mbwembwe zake za kawaida. Halafu mume wa kwenye picha akatokea ghafla sebuleni, mkewe akapiga yowe, na Elija akashusha kipaza sauti. Nilimwona akimtazama mama, aliyeketi mbele kabisa.

"Huyu bwana alikuwa safari," akasema hatimaye. "Sasa amerudi kwa bibi yake."

Basi mume akapenya ukuta, Elija akasema Wazungu wana milango ya siri. Wageni hawakumsalimia, akasema ni madharau tu. Mchumba mpya alipokuja na maua, mume akamvutia kiti nyuma, jamaa akabwagika chini. Mama yangu, jamani, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Jumatatu nyapara akaja kutaka jibu.

"Bwana yangu anarudi," mama akamwambia. "Wewe enda utafute bibi mahali pengine."

Jumanne tulikuwa nje, masufuria yetu kwenye nyasi, mvua ikitunyeshea. Hapo ndipo Elija alipokuja na barua ya serikali. Baba alikuwa amekufa miezi mitatu nyuma. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Ya Elija ilikuwa ya siku tatu.

"Ilifika lini?" mama akauliza.

"Ijumaa, Mama Njeri. Ningesema aje mambo ya kufa mbele ya watu wote?"

"Na Jumapili? Si ulikunywa chai kwangu?"



Niliiona filamu ile tena nikiwa mtu mzima, mjini Nakuru. Ni nzuri, siwezi kuinyima haki yake. Mume amekwisha kufa kabla hadithi haijaanza, anarudi akiwa mzimu, na utamu wote uko hapo: sisi tunajua amekufa, yeye bado ana wivu. Ukumbi mzima ulikuwa ukivunjika mbavu. Mimi nilitoka katikati.

Utotoni nilimchukia nyapara peke yake. Ukubwani nikaelewa kwamba yule mkatili alimweleza mama hali yake usoni, ili aamue. Elija alimhurumia, na kwa huruma hiyo mama alikataa paa la watoto wake kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa.