Chaki Kiganjani

Ulikuwa mwaka ule shule ilipoezekwa mabati mapya. La, ni uliofuata, maana mvua ilikuwa tayari ikiyapigia kelele siku mwalimu wa Kilatini aliporudi darasani baada ya kiharusi. Mkewe alisimama nje ya dirisha, chupa ya chai kwapani, roho juu. Mkuu wa shule alikwisha sema: kipindi kimoja cha kumjaribu, akishindwa basi apumzike nyumbani. Na asubuhi ile mzee alilitafuta jina la mkewe mpaka jasho likamtoka, akaishia kumwita “wewe mama.”

Zamani, akifika kwenye vile vitenzi vya Kilatini vilivyoungwa kipande mbele, ambavyo lazima vitajiwe mtu wa kulipokea tendo, hakuwa na maelezo mengi. Alimwekea mwanafunzi chaki kiganjani, akamfumba vidole polepole, kama anayemkabidhi kifaranga. Leo alisimama tu, akiukodolea macho ubao.

“Mwalimu, tuanze kukusomea?” akauliza binti wa dawati la mbele.

“Kaa, mwanangu, hitima bado; usinizike mapema.”

Darasa likacheka. Akaandika *succurrere*, kumkimbilia mtu kumsaidia, akafuatisha vitenzi vingine vya aina hiyo mfululizo bila kukwama, kisha akamwekea yule binti chaki kiganjani na kumfumba vidole. Nje, mkewe akashusha pumzi, akaketi kwenye ngazi na kuinywa chai ya mumewe yote.

Baadaye mzee alimuuliza daktari, akamuuliza na mkuu wa shule, nao wakacheka tu: “Hivi kwa nini ugonjwa uninyang'anye majina ya watu wangu, uniachie maneno ya watu waliokufa?”