Udongo wa Daraja la Kwanza

Mama Cherehani alijiponza kwa mdomo wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomkereketa kuliko yote. Miaka kumi na tisa alikodi kipande cha bustani nyuma ya maghala ya mji. Alikikuta kifusi kitupu. Akabeba samadi kichwani, akafukia maganda ya jikoni, mpaka udongo ukawa mweusi na laini, ukichomeka kidole kinazama chote.

Na mumewe je? Tangu apigwe na kiharusi, nyumbani alikuwa wa kukaa kitini tu, haongei, hamjui hata mwanawe. Lakini mfikishe bustanini uone! Anapiga magoti, anaokota kokoto moja moja na kuzitupa njiani, na uso wake unarudi kuwa uso wa mtu.

Wanaotaka bustani walipozidi, halmashauri iliamua kuvipanga vipande kwa madaraja, kufuata uzuri wa udongo. Vya daraja la kwanza vipigwe mnada, vingine vibaki kwa wenyewe. Jambo hilo lilitangazwa kikaoni, siku ambayo Mama Cherehani alikuwa kliniki na mzee wake. Kwa hiyo mkaguzi alipokuja, yeye alidhani ni yale mashindano ya kila mwaka, ya kushindania ndoo na jembe.

"Shika, baba, shika mwenyewe!" akamjazia udongo kiganjani. "Mji mzima huupati huu!"

Mkaguzi akaandika. Jirani yake kinyozi, aliyeyaacha magugu yake makusudi yamfike magotini, akainamisha kichwa.

"Kaka, mbona hukunikonyeza?" Mama Cherehani alimuuliza baadaye, matokeo yalipobandikwa.

"Nilidhani unajua, dada. Wote tulijua."

Mnada! Nani angeshindana na wenye hoteli kwa pesa ya kupindia suruali? Alikwenda ofisini, akalia mbele ya karani bila haya. Karani akamhurumia, akamnong'oneza: mkaguzi angepita tena kesho asubuhi, mara ya mwisho.

Mchana ule aliazima toroli, akamketisha mumewe kwenye kigoda pale bustanini, akaanza kusomba kifusi kutoka kwenye jengo linalobomolewa. Toroli la kwanza alilimwaga juu ya mchicha wake huku amefumba macho. Aliporudi na la pili, mzee alikuwa chini, magoti udongoni, amekwisha kutoa nusu.

"Acha, mume wangu. Nakuomba, leo acha."

Alimwinua, akamrudisha kigodani, akamwaga. Mzee akashuka tena. Akaokota jiwe, akalitupa njiani, akamtazama mkewe akingoja asifiwe kama siku zote. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Kisha akampigapigia udongo pale pembeni yake, amkaribishe.

Mama Cherehani alisimama na toroli lake hata miguu ikafa ganzi. Ah, Mungu wangu! Mwishowe akapiga magoti, wakaokota pamoja mpaka jua likazama.

Asubuhi mkaguzi hakuona hata kokoto.