Majani Yaliyougua Mlangoni Kwangu

Ulikuwa mwaka ule wa kula maboga. Mvua haikujua kuacha, mahindi yakaozea shambani yakiwa bado na maganda yake, na sisi hapa Gendabi tukala maboga na maharage asubuhi, maboga na maharage jioni, hadi wajukuu wakiona sufuria wanalia. Mwaka huo huo ndio majani ya uwanja wangu yakaugua.

Sisemi majani ya ng'ombe. Nasema ukoka wa mbele ya nyumba, niliouleta kwenye gunia kutoka kwa dada yangu Dongobesh nikaupanda kwa mkono, kipande kwa kipande, mahali palipokuwa vumbi tupu. Wajukuu wangu wote wamejifunza kutembea hapo. Wakianguka hawachubuki magoti. Mtu akipita barabarani anageuza shingo, na mimi namwacha ageuze vizuri.

Basi ukoka ukaanza kukauka kwa miduara, kama mtu ameweka sufuria ya moto hapa na pale. Mwanangu anayefanya kazi mjini akaja, akatazama mara moja tu.

"Mama, hii imekwisha. Nitaleta fundi, tung'oe yote tuweke vitofali vya saruji. Utakuwa unafagia tu."

Na majani yalikuwa yanakufa kweli.

Asubuhi moja, yeye ameshaondoka, ndama wa jirani wakavunja ua wakaingia uwanjani. Jirani huyo ni wa watu wa ng'ombe, mwanamke wa umri wa binti yangu. Akaja mbio kuomba radhi. Kwao, kama kwetu, mtu haji kuomba amani mikono mitupu, anashika majani mabichi. Sasa yeye kwa haraka zake aliyachuma wapi? Pale pale kwangu.

"Shikamoo mama. Nisamehe, mama."

"Marahaba. Unaniomba msamaha kwa majani yangu mwenyewe?"

Akataka kucheka, akajizuia. Halafu akatazama kiganja chake. Kilikuwa na unga wa rangi ya machungwa, kama ameshika bati bovu.

"Mama, haya yanaumwa. Tazama, ndama wamekanyaga tu, hawakula."

"Wamevunja ua wangu, halafu wanachagua na chakula?"

"Hawa? Hawa wanakula hata kanga iliyoanikwa. Haya wameyakataa."

Tukapiga magoti sote wawili. Unga ule niliujua: ni kutu, ndugu yake ile inayoshika majani ya maharage. Ilikuwa imejaa chini ya mparachichi, pasipopata jua. Kwenye miduara hapakuwa na unga. Pale, umande ukiwa bado haujakauka, palikuwa na utando mweupe kama wa buibui, na majani ya ukingoni yameoza shinani, ukiyavuta yanachomoka. Huo ni ukungu, unapenda maji yanayolala. Na kile kidoa karibu na mlango, cha njano katikati na kijani kizito pembeni? Jirani akainama, akanusa.

"Huu siyo ugonjwa, mama. Hapa mbwa wako anakojoa."

Tulicheka mpaka ndama wakashtuka.

Nikachimba mfereji, maji ya paa yapite pembeni. Nikakata matawi ya mparachichi jua liingie. Penye kutu nikaweka samadi iliyooza vizuri, maana majani yenye njaa ndiyo yanashikwa na kutu. Penye miduara sikuweka hata konzi moja, ukungu ungeshiba. Majani mabovu niliyofyeka niliyapeleka mbali, yalipokauka nikayachoma.

Mvua zilipopungua, ndani ya miduara zikachomoza ncha za kijani, nyembamba kama sindano. Nikamwita jirani aje aone. Siyo kote, kando ya ngazi palibaki upara, na huko nikapanda upya. Lakini yalikuwa yanarudi.

Mwanangu akapiga simu. Akanisalimia, akaulizia watoto, halafu akafika alikokuwa anakwenda.

"Mama, fundi nimempata. Anakuja wiki ijayo na vitofali."

"Nimekataa. Majani yangu hayazikwi yakiwa hai."

"Mama, mtandao unakatika. Umesemaje?"

Nikatoka nje kwenye mtandao mzuri, nikasimama peku juu ya ukoka.

"Nimekataa. Majani yangu hayazikwi yakiwa hai."