Figo za Shangazi

Baba yangu alitoa sadaka ya shukrani kanisani kwa ajili ya udaktari wangu kabla sijaupata. Alisimama mbele ya usharika wetu wa Isansa, jogoo kwapani, akatangaza kwamba Mungu amemkumbuka, binti yake amerudi daktari. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nimefeli.

Na alijua. Nilikuwa nimempigia simu na kumweleza wazi: chuo nimemaliza, lakini mtihani wa leseni, ule ambao bila kuufaulu hospitali haikupokei hata kwa mafunzo ya vitendo, umenishinda. Nitarudi nyumbani nisome, niurudie. Akasema, "Njoo, mama, usome kwa utulivu." Kisha akaenda kukamata jogoo. Hilo linanichoma mpaka leo.

Utulivu wenyewe ulikuwaje? Msimu wa kahawa kwetu hakuna mgeni. Asubuhi nilifunga kikapu kiunoni kama kila mtu, nikawa nachuma huku nakariri: mshipa gani wa fahamu unapita nyuma ya mfupa gani, kimeng'enya gani kikikosekana mtoto anaugua nini. Wodini nilikuwa nimezalisha akina mama na kushona vidonda, walimu wangu wamesimama pembeni wakiniangalia, na hakuna aliyenilalamikia. Kilichoniangusha ni mambo ya mwaka wa kwanza na wa pili, yale ambayo nilikuwa nimeyameza, nikayatapika kwenye karatasi, nikasahau. Nilikuwa na hasira na vile vitabu kana kwamba vimenitukana mimi na ukoo wangu.

Nikirudi kutoka shambani nafungua kitabu, na watu nao wanafika. Huyu ana kiungulia, yule mtoto wake ana upele, mwingine anataka tu nimshike mkono nimwambie ana presha au hana. Mama anawatolea vigoda utadhani ameajiriwa mapokezi. Niliwaambia waende zahanati. Wakasema nina maringo, mjini kumeniharibu. Baba alisikia, akaendelea kugeuza kahawa kwenye chanja.

Ndipo akaja shangazi, dada mkubwa wa baba. Anaishi Tunduma, na tangu nikiwa mdogo amekuwa akivusha mchele upande wa Zambia, mara nyingine kichwani, hadi magoti yakamchoka. Alifika Jumapili baada ya ibada, akala, akanawa, akanyoosha miguu mkekani. Niliiona ile miguu. Nikaibonyeza kwa kidole, na shimo likabaki.

"Shikamoo tena, shangazi. Unatumia dawa gani?"

"Marahaba. Ndiyo maana nimekuja, mwanangu. Niandikie diklo ya nguvu. Hii ya dukani naona imenizoea."

Akafungua pochi, akamwaga vidonge kwenye kitenge. Diklo za maumivu, anazimeza kila siku asubuhi na jioni, mwaka wa ngapi hajui. Za presha alizoandikiwa hospitali. Na vile vya kupunguza maji mwilini. Wiki hiyo nilikuwa kwenye sura ya figo. Ukurasa niliokuwa naukariri neno kwa neno ulikuwa umemwagwa mbele yangu.

"Shangazi, diklo acha. Leo hii. Hizo nyingine endelea nazo mpaka umuone daktari aliyekuandikia, lakini diklo acha."

"Awe!" alisema, akikataa kwa Kibemba chake cha mpakani. "Nikiacha nitatembea na nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, Mungu ni shahidi, kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunieleza mimi. Nikasema figo ni chujio, na chujio linataka damu ije kwa msukumo. Diklo inabana mlango wa kuingilia. Dawa ya presha inalegeza mlango wa kutokea. Kidonge cha maji nacho kinapunguza hiyo damu yenyewe. Kila kimoja peke yake huenda ukakivumilia, lakini vikikutana vyote, chujio litachuja kwa nguvu gani? Figo zinakufa kimyakimya, shangazi, wala haziumi.

Alinisikiliza. Nilimwona anaanza kuogopa, na ule woga ulikuwa mzuri, ulikuwa wa kumponya. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuzitenga diklo pembeni.

Baba akaingilia. "Mwandikie shangazi yako alichoomba. Daktari gani huyu anatoa hotuba badala ya dawa?"

Kichwa kiliniwaka. Wiki zote zile za vigoda, maringo, vigelegele na jogoo zilinijia kwa pamoja.

"Mimi si daktari!" nikapiga kelele. "Sina leseni! Nimefeli mtihani, baba, na unajua nimefeli! Ulijua hata siku ile ulipotoa shukrani!"

Mama alikusanya vyombo akaenda nje. Baba akatazama ukuta. Shangazi alinitazama mimi, tena bila dharau yoyote, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Kumbe umefeli," akasema. "Ulifeli nini hasa?"

"Haya haya. Mambo ya msingi. Mwili unavyofanya kazi, dawa zinavyofanya kazi."

"Pole, mwanangu." Akaanza kuvirudisha vidonge kwenye pochi, kimoja kimoja, diklo pamoja na vingine. "Basi hata hili la figo huenda umelikosea."

Niliapa kwamba sijakosea. Nikaleta kitabu. Kiko kwa Kiingereza. Nikawa namwonyesha mishale na michoro kama kichaa. Nikamwomba, kama haniamini mimi, aende akaulize kwa daktari wake wa presha. Akasema foleni ya pale inamaliza siku. Akanishika shavu. "Soma kwanza. Ukifaulu utakuja kunieleza."

Kesho yake akapanda gari kurudi Tunduma. Nikampigia baada ya siku chache, nikampigia tena, na tena. Kila nikitaja diklo ananiuliza, "Umeshafaulu?" Nikisema bado, anacheka, ananiambia nisome, anakata. Na baba, ambaye neno lake moja lingetosha, alisema hawezi kumfundisha dada yake mkubwa.

Nikasoma. Sijawahi kusoma kwa hasira namna ile. Siku ya mtihani likatokea swali la mama mtu mzima mwenye magoti mabovu na dawa zake tatu. Wanataka kujua kwenye figo mlango gani umebanwa na upi umelegezwa. Walionizunguka walikuwa wanakuna vichwa. Mimi nilijibu nimeuma meno, nikataka kusimama niwaambie wasimamizi kwamba huyo mama namfahamu.

Nilifaulu. Sikurudi Isansa kushangiliwa. Nilipanda basi la Tunduma moja kwa moja. Nilimkuta shangazi amekaa mlangoni, uso umevimba, viatu havimtoshi tena. Nikamwambia nimefaulu, nina leseni ya muda. Akalia kwa furaha, akanikalisha, akakunja mikono mapajani kama mtu aliyekwenda kusikiliza neno.

Nikasema tena. Chujio, mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea. Maneno yaleyale, sikubadilisha hata moja. Aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Nilipomaliza, akazitoa diklo zote ndani, akanikabidhi nikazitupe.

Tukaenda hospitali, wakamtoa damu. Daktari aliyepokea majibu alizungumza taratibu: figo zilizokufa hazirudi, tutunze kidogo kilichobaki, na ajiandae, huenda mbele ya safari akahitaji mashine ya kumchujia damu. Shangazi alimshukuru. Tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje. Akajifuta macho kwa pindo la kitenge, kisha akanigeukia, na safari hii ni yeye aliyekuwa na hasira.

"Mwanangu," akasema, "yote haya ulikuwa unayajua. Mbona hukuniambia mapema?"